Kikombe cha Mke Mwenza

Jumapili, 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umeisoma hiyo shikamoo kwa sauti, ukaitikia marahaba mpaka wodi nzima ikageuka. Nesi aliniambia nilipokuja mara ya mwisho kwamba barua zangu zote wagonjwa wenzako wanazijua neno kwa neno, maana tangu masikio yako yaende likizo hujui tena kunong'ona. Basi leo nawasalimu na wao. Hamjambo?

Mimi mzima. Wiki hii kazini nimekamata mabomba mawili yanayovuja. Moja lilikuwa chini ya sakafu ya duka la viatu, na mwenye duka alikuwa ameshatuapia kwamba ni ukuta tu unatoka jasho. Nikaweka fimbo yangu ya kusikilizia sakafuni, sikio kwenye ncha, nikayasikia maji yanacheka huko chini. Wenzangu wanasema masikio uliyoyapoteza wewe nimeyaokota mimi.

Sasa nije kwa mke mwenza wa Mama. Hakukosea kuliita gari lile hivyo. Nakumbuka alivyokuwa akisimama dirishani na sufuria mkononi, anakuangalia umelala chini yake, anasema, "Haya, leo ni zamu ya mwenzangu." Nimekuwa nikilitoa kila Jumapili kama ulivyoagiza, lisizubae. Halina neno, isipokuwa oili. Tangu ulazwe nimeongeza mara mbili, na mara mbili kijiti cha kupimia kimeshuka. Nimetandaza magazeti chini yake siku tatu mfululizo: hata tone. Baba, unanijua. Kitu kikipungua bila maelezo mimi silali. Nitaukamata tu huo uvujaji.

Halafu niulize. Chini ya kiti cha dereva nimekuta kikombe cha Mama, kile cha maua ya buluu ambacho pacha wake amekaa kabatini mjane miaka yote. Kinanuka oili! Umekifanyia nini kikombe cha watu? Nimekisugua mara tatu kwa sabuni na majivu. Kimetakata, ila kuna mstari mweupe ndani, karibu na ukingo, hautoki hata kwa kucha. Sasa ndicho ninachonywea chai asubuhi, na nikikishika namkumbuka sana.

Chumba chako kiko tayari. Nimefunga bomba la kushikilia bafuni na jingine kando ya kitanda, yote imara, nimening'inia mwenyewe kuyajaribu. Daktari anasemaje?

Ni mimi mwanao,
Koki

*

Jumamosi, 9 Februari

Mwanangu Koki,

Marahaba. Hawajambo, na wamenituma nikuombe uandike marefu zaidi, hasa habari za wenye maduka waongo. Mzee wa kitanda cha pili amecheka ukuta kutoka jasho mpaka akaongezewa mto.

Mguu ulionileta hapa unaendelea vizuri. Natembea na fimbo hadi dirishani na kurudi. Daktari hajasema lolote bado, unajua watu hawa hawana haraka. Wakati nangoja nimewatengenezea viti vinne vya magurudumu. Nasikia vilikuwa vinalia kama paka. Mimi nilichoona ni nesi tu akikunja uso kila kimoja kinapopita, nikajua kuna kazi.

Kuhusu gari usijitie presha. Mke mwenza anakunywa, mwache anywe, ndivyo alivyoumbwa. Mwongezee oili kila Jumamosi, na tafadhali usimpekue.

Kikombe kile kilikuwa na kazi yake. Lakini umeshakiosha, basi. Kinywee chai, hata yeye angefurahi.

Na chumba, mwanangu, usijisumbue sana. Wewe umezoea kukaa peke yako. Nyumba yako ni kavu kama stempu, kila kitu mahali pake. Tusikimbilie mambo.

Baba yako,
Fundi Mkuu wa Viti vya Magurudumu

*

Jumamosi, 16 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeniambia nisimpekue. Mimi, Baba? Ungeniambia nisipumue. Na barua yako imenikuta nimeshampekua.

Jumapili iliyopita nilivaa ovaroli, nikafungua boneti, nikaliwasha na kuanza kupitisha ncha ya fimbo yangu kila mahali, sikio upande wa pili, kama niko kazini. Ukiachilia mngurumo, upande wa mbele wa injini kuna kitu kidogo, ukubwa wa ngumi yangu, kinapiga tiki, tiki, tiki. Ni pampu! Kutoka kwake inapanda mirija minne myembamba kama ya soda, inakwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Nilifungua mmoja nikangoja. Tone. Kimya. Tone. Oili safi kabisa, Baba, inapelekwa kuungua pamoja na petroli! Miaka yangu yote kazini sijawahi kuona uvujaji uliotengenezewa pampu yake.

Usiogope, sikuiziba. Aliyeiweka atakuwa alikuwa na sababu zake. Lakini kwenye mkono wa pampu kuna skrubu, na kwenye skrubu kuna alama yako ya rangi nyeupe, ileile unayopaka kila ukimaliza kurekebisha kitu. Skrubu ilikuwa imesogea, imeupita mstari zaidi ya nusu mzunguko, na pembeni pana mkwaruzo kama wa msumari. Nikasema hapa ndipo. Imelegea kwa mtikisiko, na wewe kwa umri huo huinami tena kutazama chini kule. Nimeirudisha kwenye mstari wako sawasawa na kuikaza.

Siku sita nimekwenda nalo kazini na kurudi. Kijiti kiko palepale! Nimekuponyea mke mwenza, Baba, na sikuita fundi.

Sasa sikia mpango. Jumapili ya tarehe 24 nitalipeleka mpaka bwawa la juu, mlima wote ule, nilikanyage kweli kweli nione pumzi yake. Likirudi salama, nachukua likizo, na Jumamosi ya tarehe 9 Machi nakuja nalo kukuchukua. Kama daktari bado hajasema, nitamuuliza mimi uso kwa uso.

Ni mimi mwanao,
Koki (Daktari wa Injini)

*

Simu ya maandishi, Alhamisi, 21 Februari

USIENDESHE GARI. USIJE. BARUA YAFUATA. BABA

*

Ijumaa, 22 Februari

Baba,

Shikamoo.

Nimepata maneno yako sita. Karani wa posta alinisomea mwenyewe dirishani, akaniangalia kwa huruma, nikamwambia baba yangu ni mtu wa utani.

Nilirudi ofisini nikaomba simu, nikapiga huko kuuliza kama umezidiwa. Karani wenu akafungua kitabu chake akaniambia, "Mzee fundi? Huyo daktari alimruhusu tangu tarehe 28 Januari. Anatusaidia tu hapa." Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikakaa. Tarehe 9 uliniandikia kwamba daktari hajasema lolote. Uliandika kwa mkono wako.

Kama hutaki kukaa nami, sema. Mimi si mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Nilidhani unangoja kupona, kumbe unangoja nichoke kukuuliza. Nilining'inia kwenye yale mabomba ya bafuni mpaka mabega yakauma, Baba, ili nijue yatakubeba.

Gari sijaliendesha. Si kwa kukutii, ni kwa hasira. Nimelifunika turubai na sitaki kuliona. Bwawani siendi.

Sijui nimekosea wapi.

Koki

*

Jumamosi, 23 Februari

Mwanangu Koki, kipenzi changu,

Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele, na wewe hujafanya kosa la kupigiwa kelele. Skrubu yenye alama mbili inahitaji mtu wa kuieleza, nami nilifunga mdomo. Natumaini ile simu ilikuwahi. Nilimlipia karani maneno sita, na huenda hayo sita yamekaa vibaya. Sikumaanisha usije kwangu. Nilimaanisha usije nalo.

Ngoja nikueleze kama nilivyopaswa kukueleza zamani.

Injini ile haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani kuna chuma cha pembe tatu, mashavu yamevimba kidogo, kinaitwa rota. Kinazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Viko viwili, cha mbele na cha nyuma. Kila pembe ya rota ina kipande chembamba cha chuma, mimi nakiita ulimi, na ulimi huo unalamba ukuta wa chumba muda wote ili moto usitoroke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Sasa fikiria ulimi unaolamba ukuta maelfu ya mara kwa dakika. Ukikauka, unaukwangua ukuta, unavunjika, na injini imekwisha.

Kwenye injini za kawaida oili hurushwa kutoka chini, inalowesha kuta, kisha inakwanguliwa irudi. Kwenye hii, chumba cha moto hakina mlango wa kwenda kwenye oili. Ndiyo maana ikawekwa ile pampu yako ya tiki tiki. Inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini ikienda mbio nayo inakwenda mbio. Ule mkono wake umeunganishwa kwa kifimbo cha chuma na kabureta, kwa hiyo ukikanyaga zaidi, nao unaongeza tone. Oili inaingia pamoja na petroli, inalowesha ndimi, inaungua, inatoka na moshi. Hairudi. Hairudi kwa makusudi, mwanangu. Ulikuwa sahihi kwamba inapotea, hukujua tu kwamba kupotea kwenyewe ndiyo kazi yake.

Sasa habari ya mama yako. Hii sijamwambia mtu.

Babu yako mzaa mama alikuwa na pikipiki ya zamani, ya kuchanganya oili na petroli kwenye tenki moja. Mama yako alikua akijua kwamba injini inayolia kama mzinga wa nyuki hupewa oili kwa kikombe. Nilipolileta gari nikamweleza habari za pampu, akasema, "Sawa." Unaijua sawa yake ile ya kumaliza mazungumzo. Baada ya miezi michache plagi zikaanza kuwa nyeusi na moshi ukazidi. Nikadhani pampu inamwaga mno, nikaipunguza. Siku moja natafuta spana chini ya kiti, mkono ukagusa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nikafunua pembe, nikaona maua ya buluu. Pembeni pana chupa ya oili ya pikipiki.

Kila alipojaza petroli, alimwaga kikombe kwenye tenki. Hakuiamini pampu yangu na hakutaka kuniumiza kwa kuniambia. Nikakifunika kitambaa kama kilivyokuwa. Nikaenda mbele nikaipunguza pampu tena, mpaka ikawa na mkono wa birika, ili nusu itoke kwangu na nusu itoke kwake. Hapo ndipo nikapaka ule mstari mweupe. Plagi zikawa safi, na gari likaenda hivyo miaka kumi na saba.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Ningemwambia angeacha, nami nilipenda asiache.

Wiki ile tuliyomzika, watu walipotawanyika, nilikwenda kujaza petroli. Nilikaa nyuma ya usukani nikangoja, sijui nangoja nini. Hakuna aliyeshuka na kikombe. Nikarudi karakana, nikaifungua ile skrubu ili pampu itoe zote peke yake, nikaweka alama mpya kwa msumari. Kopo la rangi nililishika nikashindwa kulifungua. Makaburini sikulia, wewe uliniona. Nililia pale, kichwa juu ya injini, mpaka mafuta yakaniingia kwenye ndevu.

Kwa hiyo uliporudisha skrubu kwenye mstari mweupe, uliirudisha kwenye siku ambazo mama yako yupo. Na kikombe kiko mezani kwako, kimejaa chai. Ndiyo maana nilishtuka.

Usiiwashe. Fanya hivi. Ng'oa plagi moja ya rota ya mbele na moja ya rota ya nyuma, chomoa waya wa koili lisiwake, mwombe mtu akupigie stata. Weka kiganja mbele ya tundu moja, kisha jingine. Injini ikiwa salama, kila rota hupumua tatu, tatu, tatu, zote uzito mmoja. Mimi tangu masikio yaondoke napima hivyo, kwa kiganja. Pumzi moja ikiwa nyepesi, mimina kijiko cha oili tunduni, zungusha injini taratibu kwa spana, upime tena. Ikirudi nzito, ilikuwa kiu. Isiporudi, ulimi umevunjika. Ukikuta umevunjika, mwanangu, basi. Ni chuma tu. Sitakulaumu hata kwa jicho.

Kisha urudishe skrubu kwenye alama ya msumari.

La mwisho ni gumu kuliko yote. Daktari aliniruhusu tangu tarehe 28 ya mwezi uliopita. Nilikudanganya. Ukweli ni kwamba ninaogopa nyumba yako. Kazi yako ni kutafuta kinachovuja, na mimi siku hizi ninavuja kila mahali. Namwaga chai. Nadondosha vidonge. Naimba alfajiri bila kujua kwamba naimba. Jina la mama yako linanitoka katikati ya sentensi nyingine kabisa. Niliogopa utazunguka nyuma yangu ukitafuta pa kuziba, na hutapapata, na utachoka. Hapa viti vya magurudumu havinichoki.

Nisamehe.

Baba yako

*

Alhamisi, 28 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Tatu, zote uzito mmoja.

Ile barua yangu ya tarehe 22, kama imeshafika, ichane. Kama haijafika, ikifika ichane bila kuifungua. Najua utaifungua. Basi ujue iliandikwa na mtu mwenye hasira ambaye alikuwa amening'inia bafuni bure.

Na hasira hiyo ndiyo iliyomwokoa mke mwenza. Ningekuwa nimetulia siku ile, huenda ningesema huyu mzee ana wasiwasi wake tu, nikapanda mlima. Nilikwenda nalo kazini siku sita, barabara tambarare, mwendo wa bibi harusi, basi.

Jana nimepima. Mwenzangu wa zamu alikaa kwenye usukani kupiga stata, mimi kiganja tunduni. Rota ya mbele ilinipulizia tatu, tatu, tatu, nzito kabisa. Ya nyuma, Baba, mbili zilikuwa nzito na moja ilikuwa kama mtu anayepuliza chai. Mwenzangu akauliza nini, nikamwambia alete oili. Nikamimina kijiko. Nikazungusha kwa spana taratibu, raundi baada ya raundi, nikiomba msamaha kila raundi, sijui kwako, sijui kwa Mama. Tukapiga tena stata. Nzito, nzito, nzito. Nilirudia mara nne kuhakikisha sijidanganyi, kisha nikamkumbatia mwenzangu na mikono yote ya oili. Ilikuwa kiu tu.

Sasa nisikilize vizuri, maana nina jambo la kukuambia na wewe hukulijua.

Uliniandikia kwamba ulifunua pembe ya kitambaa, ukaona maua, ukafunika. Maana yake ndani ya kikombe hukuwahi kutazama. Unakumbuka nilikuambia kuna mstari mweupe ndani, hautoki? Nimekipeleka kwenye gari, nikakishika kando ya ile skrubu juani. Ni rangi yako, Baba. Nyeupe ileile iliyogeuka manjano kidogo. Na chini yake, katikati ya kikombe, kuna alama ya mstari mwingine wa zamani, umekwanguliwa kwa kisu.

Lile kopo ulikuwa ukilifungia kwenye kabati la karakana. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wako na mmoja wa Mama.

Aliinama akaiona skrubu yako. Aliona umeipunguza pampu, akajua kwa nini. Akachukua rangi yako mwenyewe, akafuta mstari wa nusu kikombe, akapaka mwingine juu. Wewe ulipunguza na yeye akaongeza, mkalingana. Alijua kwamba unajua, miaka yote hiyo, anakuja dirishani na sufuria yake kama hana habari. Na hakusema, kwa sababu ileile yako. Angesema, ungeacha.

Nililia, Baba, na nilicheka, mwenzangu akadhani nimevuta moshi wa gari.

Kwa hiyo skrubu sijairudisha kwenye msumari. Nimeiacha kwenye mstari mweupe. Nimekwenda kujaza petroli, nimenunua chupa ya oili ya pikipiki, nimeshuka na kikombe mbele ya watu, nimekijaza mpaka kwenye mstari wa Mama, nimemwaga tenkini. Kijana wa petroli aliniambia nimekosea, hilo ni gari, si pikipiki. Nikamwambia, "Sawa." Kisha nimeliwasha. Linaimba.

Na kuhusu nyumba yangu. Ni kavu kama stempu, ni kweli, na nimeichoka. Mimi kazini naziba maji yanayopotea bure, Baba, sizibi watu. Mwaga chai. Dondosha vidonge, nitaviokota. Imba alfajiri, mimi ndiye mwenye masikio, nitakuambia kama umekosea wimbo. Na jina la Mama likikutoka, ndilo ninalotaka kulisikia, hapa hakuna mwingine wa kulitaja nami. Magazeti ya kutandika ninayo tele, yalibaki yale ya chini ya gari.

Jumamosi tarehe 9, saa nne asubuhi, nitakuwa getini na mke mwenza. Kama bado unataka kubaki na viti vya magurudumu, simama hapo getini uniambie usoni, kwa sauti yako ileile, wodi nzima isikie.

Wasalimie wote. Mwambie mzee wa kitanda cha pili ukuta wa duka umekauka.

Mwanao anayekupenda,
Koki

*

Simu ya maandishi, Jumanne, 5 Machi

NJOO POLEPOLE. KIKOMBE USIKIOSHE. BABA